Opung Suhut, Aliyemtafuta Mwenye Shughuli Katikati ya Wageni

Tiurlan boru Nainggolan, yaani binti wa ukoo wa Nainggolan, ambaye nusu ya mliokaa hapa leo mnamjua kwa jina la Opung Suhut tu na hamjui hata kama alikuwa na jina jingine, alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Machi 1949 karibu na Porsea. Ilikuwa siku ya soko Balige. Mama yake alikuwa ameshafunga mzigo wa ulos, vile vitambaa vyetu vya kufuma, za kwenda kuuza, ameshavaa na viatu, mtoto akaamua ni leo. Marehemu alikuwa akisema yeye ndiye aliyeharibu soko la siku ile, na kwamba mama yake hakuacha kumkumbusha mpaka alipoolewa.

Wageni wetu mliotoka mbali msishangae hilo jina. Opung ni bibi, na suhut ni mwenye shughuli. Kwetu hata kijiko hakiguswi mpaka ijulikane suhut ni nani: nani anapokea wageni, nani anashukuru, nani anasimama mbele jamaa wakianza kusema maneno yao. Opung alipewa jina hilo kazini, na mtaona alilipataje. Lakini lilikuwa jina lenye utani mchungu kidogo, maana yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuwa na kila kitu kingine: macho makali, mdomo mkali zaidi, wajukuu wa kaka yake wa kuwatuma dukani. Ila kwa miaka mingi swali lake lilikuwa lilelile, siku yangu ikifika, suhut atakuwa nani? Alilisema huku anacheka. Lakini alilisema mara nyingi mno kwa mtu anayecheka.

Mama yake alikuwa mfumaji, tena mfumaji haswa, wa kutia rangi nyuzi kwa majani na tope. Siku moja, Tiurlan akiwa na miaka saba, mama alikuwa amemaliza ulos ya siku kumi na saba, imetandazwa, majirani wanasifia. Mtoto akainama akasema, "Mama, uzi mmoja hapa ni mgeni."

"Uzi gani? Toka hapo na mikono yako ya samaki."

"Huu. Huu si ndugu wa hawa."

Mama akaibeba mpaka juani. Kweli bwana, uzi mmoja ulichovywa kwenye chungu kingine, umepauka kiasi cha unywele. Mama akamtazama mtoto, akatazama kitambaa, akasema, "Haya. Usimwambie mtu. Na leo hulambi sufuria." Opung alikuwa akisimulia hii huku anaonyesha kidole kilekile, kama ushahidi.

Alisoma shule ya msingi Porsea, sekondari Pematangsiantar, na mwaka 1968 akaenda Medan kwenye chuo cha mafundi wa maabara. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye alisema walimu wanaongea kutwa na hakuna anayewasikiliza, bora akaongee na vitu visivyojibu. Alihitimu mwaka 1970, akaajiriwa kwenye maabara ya hospitali moja kubwa ya Medan, na hapo hakutoka kwa miaka thelathini na mitano.

Tarehe 14 Juni 1975 aliolewa na Jahotman Pakpahan, fundi wa mashine za kuchapia, mtu mpole, mwenye masikio makubwa na sauti ya kuimba besi. Harusi ilikuwa ya watu mia tisa. Na hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu bila harusi hii mengine yote hayaeleweki.

Katikati ya shughuli, hotuba zinaendelea, jamaa wamepanga foleni na ulos zao mkononi, ikaonekana bibi harusi hayupo. Kiti kitupu. Wakamtafuta chooni, wakamtafuta kwenye magari. Mama mkwe wake aliingia jikoni mara mbili, anapiga kelele, "Nani kamuona mkwe wangu?" na mara zote mbili alipita mbele ya mwanamke aliyefunga aproni, anakoroga sufuria la nyama ya nguruwe. Alikuwa yeye! Alisikia harufu ya kuungua akaenda kuokoa chakula. Aproni ilifunika zile nguo za dhahabu zote, na jikoni kulikuwa na akina mama arobaini, basi nani angemjua?

"Mbona hukuitika?" mama mkwe alimuuliza baadaye.

"Ulikuwa unamtafuta bibi harusi, mama. Mimi nilikuwa mpishi."

Jahotman alicheka mpaka akakaa chini. Waliishi pamoja miaka kumi na minne, bila mtoto, bila ugomvi wa maana isipokuwa juu ya redio, mpaka alipofariki kwa shinikizo la damu tarehe 2 Septemba 1989. Tangu hapo Opung hakuzima redio tena. Alisema sasa ameshinda ule ugomvi na hauna raha.

Kazi yake ilikuwa hivi. Daktari akimfungua mgonjwa na kutoa kipande cha nyama yenye shaka, kipande kinaletwa maabara. Opung anakigandisha ndani ya nta, anakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, anavilaza juu ya kioo, anavitia rangi, zambarau na waridi. Halafu daktari wa hadubini ndiye anayeangalia na kusema huu ugonjwa gani. Fundi anakata na kutia rangi. Kuangalia si kazi yake. Ila mtu uliyezaliwa chini ya kitanda cha kufumia, ukapewa rangi na kitu chenye nyuzi nyuzi, usiangalie? Aliangalia kila kioo kabla hakijatoka. Daktari wake, Dokta Barita, ambaye leo yuko hapa kwenye kiti cha mbele na miaka yake themanini na minne, alikuwa anajua na anajifanya hajui.

Mwaka 1994, mwezi wa Februari, kililetwa kipande kutoka kwenye ubongo wa mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja. Rehulina beru Sembiring, beru ya kwao ndiyo boru yetu, kutoka Berastagi, baba yake mkulima wa machungwa. Mtoto alikuwa na kiu isiyoisha. Anakunywa ndoo, anakojoa ndoo, analia anataka ndoo nyingine. Halafu macho yakaanza kufifia. Picha ya kichwa ikaonyesha kitu katikati kabisa, pale ambapo mpasuaji hataki kugusa, kwa hiyo alichokitoa kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, basi.

Dokta Barita akaangalia vioo vyake, akavirudia mara ya pili. Vilikuwa vimejaa seli za kinga, wale askari wa mwili wanaokimbilia penye ugonjwa. Wamejaa pomoni, wengine wamejikusanya vikundi vikundi. Na kwetu miaka ile, ukiona askari wamejaa hivyo, wamekaa vikundi hivyo, jibu linajiandika lenyewe: TB. Haukuwa ujinga. Kati ya vioo kumi vya namna ile, tisa vilikuwa TB kweli. Hata watoto wa manesi walikuwa wanajua.

"Inang Tiur, umekwama wapi?" Dokta Barita aliuliza, maana kwetu mama ni Inang na baba ni Amang. "Andika TB, jibu lishuke wodini."

"Amang Dokta, nimetafuta vijidudu vya TB kwa ile rangi nyekundu mara tatu. Hakuna hata kimoja."

"Vinajificha. Unajua vinajificha."

"Sawa. Lakini hawa wageni wote wamekuja kwa nani?"

"Wageni gani tena?"

"Hawa askari wako. Tazama, wamejaa mpaka nje ya hema. Watu hawajai hivi bila mwenye shughuli. Suhut yuko wapi?"

Dokta akacheka, maabara nzima ikacheka. "Inang, hapa ni maabara, si harusini Balige. Andika TB."

Akaandika. Na hilo ndilo jambo aliloliongelea mpaka mwisho, kwamba aliandika. Hakuwahi kusema "dokta alikosea." Alisema, "Tuliandika TB."

Mwezi wa Mei baba wa mtoto alitokea kwenye dirisha la maabara. Hakuwa na shida na maabara, alipotea tu, alikuwa anatafuta dirisha la dawa. Jina lake Ngasup Sembiring, mnamuona pale, bado ana ile kofia. Mkono mmoja alishika karatasi ya dawa za TB, mkono mwingine alimshika binti yake, na binti alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta.

"Mama, dirisha la dawa liko wapi? Wanasema tuongeze miezi mingine sita."

"Anaonaje huyu?" Opung akauliza.

"Mwezi wa pili alikuwa anasoma. Sasa hanioni mimi."

"Nakuona, baba," Rehulina akasema, akitazama upande ambao baba hakuwepo. "Umevaa kofia."

"Anajua navaa kofia kila siku," baba akasema taratibu.

Opung akawaonyesha dirisha la dawa. Halafu hakurudi kwenye kazi yake ya siku ile. Alikwenda kabatini akatoa kile kipande cha nta, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimebaki kidogo, kama ukucha uliokatwa. Akaenda nacho kwa Dokta Barita.

"Nataka kukata zaidi. Mpaka ndani."

"Kikiisha?"

"Kikiisha kimeisha."

"Inang, nisikilize. Ukikimaliza na hujakuta kitu, hatuna kingine. Mtoto hawezi kufunguliwa kichwa tena, hatatoka hai. Kwa hiyo umeshafunga mlango kwa mkono wako."

"Na tusipokata, mlango uko wazi kwenda wapi? Amang, mtoto anapapasa ukuta."

Dokta akavua miwani akaifuta kwa koti, mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Akasema, "Kata. Lakini usitupe hata kimoja."

Sasa, fundi akikata, vipande vingi huwa anavitupa, anachagua kizuri kimoja. Siku ile hakutupa kitu. Kila kipande kilichotoka kwenye kisu alikilaza kwenye kioo chake, akakipa namba. Vilitoka vioo ishirini na viwili, nta ikawa tupu. Ishirini na viwili, na hakuna cha ishirini na tatu. Akavitia rangi. Akakaa.

Kioo cha kwanza, wageni. Cha pili, wageni. Cha nane, wageni mpaka mlangoni. Cha kumi na tano, alisema, alianza kusikia sauti ya mama mkwe wake, Nani kamuona mkwe wangu, nani kamuona mkwe wangu. Ndipo akajiuliza, nikiwa pale jikoni nilikuwaje? Nilikuwa nimezungukwa. Nilikuwa nimevaa kama wengine, ila nilikuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya zile nguo chini ya aproni. Akaacha kuangalia kundi. Akaanza kuangalia kila mmoja, uso kwa uso, kama anasalimia harusi nzima kwa mkono.

Kioo cha kumi na tisa, pembeni, seli tano. Kubwa, duara, nyeupe kama mayai ya kukaanga, kila moja na kiini chake katikati, na askari wamezibana kila upande. Tano tu kati ya maelfu.

Akainuka, akaenda mpaka mlangoni kwa Dokta Barita, hakubisha hodi.

"Amang Dokta. Bibi harusi alikuwa jikoni."

Dokta alikuja, akainama kwenye hadubini. Halafu akarudia vile vioo vya Februari, akavitazama tena kimoja kimoja. Kwenye cha pili, kwenye kona, alikuwepo mmoja. Alikuwepo tangu mwanzo.

"Nilipita mbele yake," dokta akasema. "Mara mbili nilipita."

"Hata mama mkwe wangu alipita mara mbili," Opung akasema. "Na alikuwa amenichagua mwenyewe."

Haikuwa TB. Ulikuwa uvimbe wa ubongo wa aina ambayo huwaita askari wa mwili wengi sana, wanakuja kupigana nao, halafu wingi wao ndio unaouficha. Jina lake gumu, germinoma, lakini tabia yake moja ni nzuri: haupendi mionzi kabisa. Rehulina akapandishwa meli bandarini Belawan na baba yake kwenda Jakarta, akapigwa mionzi wiki tano. Uvimbe ukayeyuka kama barafu kwenye sharubati. Wiki ya tatu alimwambia baba yake, "Kofia imechanika." Ilikuwa imechanika kweli, kwa nyuma, na baba hakujua. Jicho la kushoto lilirudi lote. La kulia lilirudi nusu. Dawa za kiu na za kukua anameza mpaka leo, na hakuwa mrefu, na hajali.

Tangu siku hiyo maabara nzima ikawa inamwita Opung Suhut, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima, mwishowe kwa mazoea. Dokta Barita mwenyewe alikuwa akiona kioo kimejaa wageni anapiga kelele, "Suhut! Njoo unitafutie suhut!"

Naye akafungua daftari. Kila mtoto aliyeletwa na uvimbe wa ubongo alimpa ukurasa, akachora seli za kinga zilivyokaa. Alikuwa na maneno yake. Askari waliokuja kweli kupigana aliwaita waalikwa. Waliosimama nje ya uvimbe wanachungulia tu aliwaita wazamiaji. Na wale walinzi wa ubongo wenyewe, wanaozaliwa humohumo ndani, ambao badala ya kumkamata mwizi wameshakaa wanakula naye sahani moja, aliwaita mashemeji. Samahani mashemeji mliopo. Aliona kwamba nyumba hazifanani. Uvimbe mwingine mpole umejaa wageni. Mwingine mkali kabisa, hema tupu, hakuna aliyeitwa, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko zote. "Mtu anaharibu nyumba nzima na hakuna jirani anayetoka," alisema. Kurasa nyingi za daftari lile zina msalaba mdogo chini. Hakuzificha. Alisema na hao pia walikuwa watoto, wana haki ya kuchorwa vizuri.

Alistaafu mwaka 2005 kwa keki na kelele, akarudi nyumbani Porsea kufuga samaki. Mwaka 2016 wakaja vijana watatu wa chuo kikuu na kompyuta, wanachunguza hizo hizo seli za kinga kwenye uvimbe wa ubongo wa watoto, wanataka kujua askari waamshwe vipi pale walipolala. Walisikia kuna bibi kijijini ana daftari. Walikaa siku mbili, wakakuta kurasa mia mbili na kumi na mbili. Msichana mmoja wao akauliza kwa adabu, "Opung, mashemeji ndio akina nani hasa?" Opung akamwambia, "Kula kwanza." Akawapa arsik, samaki aliyepikwa kwa viungo vya manjano, halafu akawaeleza kila shemeji mpaka jua likashuka, na walipoondoka wale vijana wakawa wanaongea hivyohivyo, mashemeji, wazamiaji, kama wamezaliwa nayo. Alifurahi mwezi mzima. Alijifunza kupokea simu ya picha kwa ajili yao tu, na alikuwa anaonyesha paji la uso pekee.

Rehulina alikuja kila mwaka mpya na gunia la machungwa. Si daktari, si nesi, mnamjua, ni mwenye machungwa wa jumla Berastagi, na sauti yake inasikika mpaka mlimani. Anaingia tu, "Opung! Leo unanionaje?" Opung anamshika kidevu, anamgeuza kwenye mwanga, anasema, "Mmoja. Nakuona mmoja tu, hakuna wageni." Ilikuwa salamu yao.

Miaka miwili ya mwisho moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, ngazi zikawa adui. Hospitali walipomtoa damu aliomba aione kwenye hadubini, wakamruhusu, akasema rangi imetiwa kwa haraka. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho Rehulina alikuwa amekaa kitandani anamenya chungwa, Opung akasema, "Maisha yangu yote nauliza suhut yuko wapi. Siku yangu watauliza hivyohivyo, na safari hii kioo ni kitupu."

"Kula chungwa, Opung."

"Nakula. Lakini ni kitupu."

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, redio ikiwa imewashwa, kwaya ya besi ikiimba. Alikuwa na miaka sabini na mitano.

Na swali likaulizwa kweli. Jumatatu wazee walikaa sebuleni kupanga. Amang Manahan Pakpahan, mtoto wa kaka wa marehemu mume wake, akasema kwa upole, kwa sababu yeye ni mpole, "Mama mdogo hakuacha mtoto. Tutamzika kwa adabu zote, sala, wali, watu warudi makwao. Ngoma na mengine hayana wa kuyapokea. Nani atasimama? Suhut ni nani?"

Jikoni kulikuwa kumejaa akina mama wanamenya vitunguu saumu. Mmoja wao akainuka, aproni kiunoni, mikono inanuka, akaja mpaka kizingitini.

"Mimi hapa," akasema Rehulina.

"Mwanangu," Amang Manahan akasema, "tunakupenda. Lakini wewe ni Mkaro, si wa huku kwetu, beru Sembiring. Una watu wako. Wewe ni mgeni hapa."

"Mimi ndiye niliyekuwa katikati ya wageni, Amang. Yeye alinitafuta mpaka akanipata. Sasa amelala hapo anatafutwa suhut wake, mnataka mimi nikae nimenye vitunguu?"

Mzee mmoja akaanza kusema mila, mwingine akaanza kusema mila nyingine. Ndipo Dokta Barita, ambaye alikuja kwa teksi kutoka Medan na alikuwa amesinzia kwenye kona, akafungua macho.

"Mimi nilipita mbele ya huyu mara mbili," akasema. "Ikabaki kidogo afe. Nyinyi wazee, ameshasimama mlangoni na aproni. Msipite mara ya tatu."

Amang Manahan akatazama sakafu. Halafu akacheka, akajifuta machoni. "Basi mila ipo," akasema. "Mtu anaweza kuingizwa ukooni kwa ulos, baba yake akikubali. Baba yake yuko wapi?"

Mzee Ngasup Sembiring akasimama kule nje na kofia yake. "Mchukueni," akasema. "Alishachukuliwa tangu mwaka tisini na nne, mmechelewa tu kuandika. Ila machungwa yanabaki kwangu."

Jana, Jumatano tarehe 9 Oktoba, Rehulina alivishwa ulos ya ukoo wa Pakpahan mbele ya jeneza. Ulos yenyewe ni ile yenye uzi mmoja mgeni, mama wa marehemu hakuiuza, aliiweka. Sasa ni Rehulina boru Pakpahan, mtoto wa marehemu Jahotman na marehemu Tiurlan. Na kwa kuwa Rehulina na mumewe wanamlea Karina, ambaye naye hawakumzaa na ni wao kabisa, mila inasema marehemu sasa ni bibi mwenye mjukuu. Ndiyo maana jalada la programu hii lilichapwa upya asubuhi ya leo, Alhamisi, na wino bado unatia mikono weusi, mtusamehe. Lile la kwanza lilisema Tiurlan tu. Hili linasema Ompu ni Karina, yaani bibi yake Karina.

Marehemu amewaacha binti yake na suhut wa shughuli hii, Rehulina boru Pakpahan, na mkwe wake Bangkit Ginting; mjukuu wake Karina, miaka tisa; kaka yake Mangasi Nainggolan na watoto na wajukuu wake wote; Amang Manahan Pakpahan, anayesimama kando ya suhut kwa niaba ya ukoo; Mzee Ngasup Sembiring; Dokta Barita; watoto waliokua na watoto ambao hawakukua, kurasa mia mbili na kumi na mbili; na samaki thelathini ambao atakayewataka aje na ndoo.

Mkitoka hapa mtapokelewa na mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Huyo ndiye. Lala salama, Opung, upumzike moyo wako. Mwenye shughuli amepatikana.